Mtoto Aliyekosa na Mtu Aliyekosewa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Watoto Wanaokinzana na Sheria Zanzibar

Maswali haya huulizwa na watu wa aina mbili, na mara nyingi watu hao ni majirani wa shehia moja: aliyeibiwa, kupigwa au kudhalilishwa kijinsia na mtoto, na mzazi wa mtoto huyo. Majibu yameandikwa kwa ajili ya wote wawili, kwa hiyo msomaji asishangae akikuta jibu lisilompendeza.

Mtoto akituhumiwa kwa kosa Unguja au Pemba, ni sheria ipi inayotumika?

Ni Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011. Wengi huitaja Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kwa sababu ndiyo wanayoisikia zaidi redioni, lakini hiyo ni ya Tanzania Bara na haivuki bahari. Jeshi la Polisi ni la Muungano na Mahkama ya Rufani ni ya Muungano, ila mahkama zetu hadi Mahkama Kuu ya Zanzibar ni zetu wenyewe. Askari anayemkamata kijana Chake Chake ni wa jeshi lile lile linalolinda Mwanza, lakini sheria inayomlinda na kumhukumu kijana huyo imetungwa na Baraza la Wawakilishi.

Sheria hiyo inasomwa pamoja na mikataba ambayo Tanzania imeridhia: Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, ulioridhiwa mwaka 1991, na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, ulioridhiwa mwaka 2003. Kifungu cha 40 cha ule wa kwanza kinastahili kusomwa polepole. Kinataka mtoto aliyekosa atendewe kwa namna itakayomkuzia hisia ya utu na thamani yake, na papo hapo kinasema kwamba hisia hiyo ndiyo itakayomfanya aheshimu haki za wengine. Yaani waandishi wa mkataba hawakumuona mtoto na mtu aliyekosewa kama vyano viwili vya mizani, kimoja kikipanda chengine kinashuka.

Mtoto ni nani, na umri wake unathibitishwaje?

Ni kila aliye chini ya miaka 18. Sauti nene, ndevu, kazi ya uvuvi au hata ndoa havimtoi mtu katika utoto wa kisheria. Ushahidi ulio bora ni cheti cha kuzaliwa kinachotolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Kikikosekana, kadi ya kliniki, kumbukumbu za skuli, maelezo ya mama na uchunguzi wa daktari hutumika. Suala la umri lielezwe mwanzo kabisa, kituoni, kwa sababu kijana akishaandikwa kuwa na miaka 19 katika karatasi ya kwanza, kosa hilo huhamia katika karatasi ya pili na ya tatu, na kulifuta huwa kazi ya miezi.

Chini ya miaka 18 kuna madaraja mengine. Sheria nyingi za ukanda huu zinaweka umri ambao chini yake mtoto hashtakiwi kabisa, kisha umri wa kati ambao upande wa mashtaka lazima uthibitishe kuwa mtoto alikuwa na uwezo wa kujua kwamba hakupaswa kufanya alilofanya. Tanzania Bara, Kanuni ya Adhabu imeweka madaraja hayo katika miaka 10 na 12. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2022, imeweka 12 na 14. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, katika Maoni Jumla Namba 24 ya mwaka 2019, imezihimiza nchi zisiweke umri wa kushtakiwa chini ya miaka 14.

Kama ametenda kosa la mtu mzima, kwa nini asihukumiwe kama mtu mzima?

Kwa sababu mahkama haihukumu tendo peke yake. Inamhukumu mtu kwa tendo. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo humwezesha mtu kujizuia na kupima matokeo ya jambo kabla ya kulitenda, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Kijana wa miaka 15 anaweza kujua vizuri kabisa kwamba kuiba ni haramu, akakusomea na aya, na bado akashindwa kujizuia mbele ya wenzake watatu wanaomcheka. Anajua lililo baya, lakini ngao yake ya kujikinga nalo ni nyembamba.

Sababu ya pili inahusu usalama wetu sisi tulio nje. Mwanasaikolojia Terrie Moffitt, katika makala mashuhuri ya mwaka 1993, alitenganisha makundi mawili: vijana wengi ambao uhalifu wao huanza na kwisha pamoja na ujana, na wachache ambao tabia yao huanza utotoni na kuendelea maishani. Mahkama inayomtendea kila kijana kana kwamba yumo katika kundi dogo inamfungia yule wa kundi kubwa milango ambayo angepitia kuacha: skuli, kazi, mchumba, jina jema. Marekani ilifanya jaribio hilo kwa miaka mingi, ikiwapeleka vijana katika mahkama za watu wazima. Mwaka 2007 jopo la wataalamu wa afya ya jamii lilipitia tafiti zilizokuwepo na kuhitimisha kwamba vijana waliopelekwa huko walirudia makosa ya ukatili zaidi kuliko waliobaki katika mfumo wa watoto.

Basi kumrekebisha si ndiyo kumsamehe kwa jina jengine?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na anayeuliza huwa ana haki ya kuuliza. Amepoteza kitu, ameumizwa, kisha anaambiwa na afisa kwamba mtoto atapatiwa ushauri nasaha. Masikioni mwake maneno hayo yana sauti ya mlango unaofungwa.

Tuchukue mfano. Ni msimu wa karafuu, karibu na Wete. Mjane ameanika karafuu zake kwenye majamvi mbele ya nyumba, kazi ya wiki nzima ya kuchuma na kuchambua makonyo. Kijana wa miaka 15 anapita alfajiri na kujaza polo. Anakamatwa mchana akitafuta mnunuzi wa magendo. Akifungwa miezi sita, ni nini kimetokea? Mjane hajapata hata pishi moja. Kijana ameamshwa, amehesabiwa, amelishwa, amelazwa, na katika siku zote hizo hakuna hata moja aliyolazimika kumtazama yule mama usoni. Amepata taabu, ndiyo, lakini hajawajibika kwa mtu yeyote. Ajabu ya kifungo ni kwamba kinaweza kumpumzisha mkosaji na kosa lake: badala ya kumfikiria aliyemwibia, anawafikiria waliomfunga, na akitoka anajihesabu kuwa yeye ndiye anayedai.

Sasa tuchukue njia ya pili. Kijana anakiri, bila kupigwa wala kutishwa, mbele ya mzazi wake na afisa ustawi wa jamii. Anamsikiliza yule mama akieleza kwamba fedha za karafuu zile zilikuwa za kuezekea nyumba. Unawekwa mpango wa maandishi: atarudisha zilizosalia, atalipa zilizopungua kidogo kidogo kwa kazi inayolingana na umri wake na isiyomtoa skuli, atakuwa chini ya uangalizi kwa muda maalumu, na asipotimiza shauri litarudi mahkamani. Hapo ameadhibiwa au amerekebishwa? Mama ameona haki, kijana amebeba mzigo wake mwenyewe, na hakuna aliyelazimika kuchagua jina.

Kiswahili chetu kinatutega hapa. Tunasema mtoto atiwe adabu tukimaanisha apigwe au afungwe, na masikio yasiyo makini huona adabu na adhabu kuwa ni neno moja lililotamkwa kwa haraka. Siyo. Adhabu hufanywa juu ya mtu; adabu humea ndani yake. Ya kwanza inaweza kuisaidia ya pili au kuiua, na kazi yote ya sheria ya watoto ni kuuliza, kwa kila mtoto, itafanya lipi.

Tahadhari moja inahitajika. Kazi ya fidia isigeuke utumwa mdogo, kijana akawa mchumaji wa bure wa mtaa mzima kwa sababu aliwahi kuiba. Ndiyo maana mpango uandikwe, uwe na kiasi, uwe na mwisho, na afisa ausimamie.

Shauri linaweza kuondolewa katika njia ya mahkama, na kwa masharti gani?

Sheria ya mwaka 2011 inaruhusu mashauri yanayofaa yamalizwe bila hukumu. Hilo si jambo la kupangwa kwa simu baina ya baba na askari. Masharti yanayotambuliwa pahala pengi ni haya: uwepo ushahidi wa kutosha, mtoto akiri kwa hiari, yeye na mzazi wake wakubali mpango, na akitimiza asibaki na alama ya mhalifu. Mtoto anayekana kosa hapelekwi huko, hata kama mzazi anaona ni rahisi zaidi. Huyo ana haki ya kusikilizwa na kuachiwa huru ikiwa hakutenda.

New Zealand imekwenda mbali katika jambo hili. Tangu sheria yake ya mwaka 1989, mashauri mengi mazito ya vijana hupitia kikao cha jamaa, ambamo kijana, ukoo wake, aliyekosewa na polisi hukaa pamoja kuamua kitakachofanywa. Mila za Wamaori zilichangia sana fikra hiyo. Mpemba anayesoma maelezo ya kikao hicho hatakiona kigeni.

Kumbe ni sulhu tu, kama tunavyofanya kwa sheha?

Hapana, na tofauti hii inahitaji kuelezwa kwa urefu, kwa sababu ndipo tunapoharibu.

Sulhu ni jambo jema katika dini na katika ujirani. Lakini nyingi ya sulhu zetu hufungwa baina ya watu wazima, huku mtoto aliyekosa akiwa amelala nyumbani na mtoto aliyekosewa akiwa hajaulizwa. Baba anatoa fedha, baba mwengine anapokea, sheha anashuhudia, Fatiha inasomwa. Mkosaji amejifunza nini? Kwamba baba ana fedha. Mwenye baba asiye na fedha amejifunza kwamba kosa lile lile lina mahkama mbili.

Kisha lipo lile linaloitwa muhali. Kila Mzanzibari analijua neno hili na uzito wake: kuona haya kumfikisha ndugu, jirani au mwana wa rafiki mbele ya sheria. Muhali huvaa nguo za huruma, lakini huruma yake humwendea mtu mmoja tu. Kesi ngapi zimeanguka kwa sababu shahidi hakufika, na hakufika kwa sababu ni shangazi? Katika kosa dogo la mali muhali unaweza kupita bila madhara makubwa. Katika udhalilishaji humwacha mtoto mmoja na jeraha na mwengine na ruhusa.

Kikao cha kisheria kinatofautiana na sulhu ya barazani kwa mambo matatu. Mkosaji mwenyewe huwepo na husema. Aliyekosewa hashurutishwi kuhudhuria wala kusamehe. Na afisa wa umma huandika na kufuatilia, ili ahadi isiyeyuke msimu ukipita.

Ikiwa mtoto amemdhalilisha mtoto mwenzake?

Hapo hakuna sulhu, wala haipaswi kuwepo, hata kama familia zote mbili zinaitaka. Aliyeumizwa apelekwe mara moja katika Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako matibabu, polisi na ustawi wa jamii hupatikana pamoja, kabla ya kuoga na kabla ya nguo kufuliwa. Zanzibar imeyapa makosa haya uzito wa pekee, na mwaka 2021 ilianzisha mahkama maalumu ya udhalilishaji.

Hata hivyo, mtuhumiwa mwenye miaka 16 bado ni mtoto, na hili ndilo jambo gumu kulisema mbele ya mzazi mwenye hasira ya haki. Hulindwa jina lake, husikilizwa kwa utaratibu wa watoto, na hukumu yake haiwezi kuwa sawa na ya mtu wa miaka 40. Ulinzi huo haupunguzi uzito wa tendo, na kosa zito linaweza kumfikisha kizuizini. Lakini lazima pia aulizwe alijifunza wapi. Baadhi ya watoto wanaotenda haya walitendewa wao kwanza, na hakimu asiyeuliza anaweza kumfunga mwanafunzi na kumwacha mwalimu mtaani.

Pana kesi nyengine inayofanana kwa jina na kutofautiana kwa sura: vijana wawili wa rika moja waliokuwa na mahusiano, na mzazi wa msichana akafungua mashtaka. Kwa maoni yangu, sheria inayoitazama kesi hii kwa jicho lile lile la mtu mzima aliyemnajisi mtoto mdogo inapoteza macho yote mawili. Hapa ripoti ya ustawi wa jamii ina thamani kuliko popote.

Mwanangu amenishinda. Naweza kumwomba askari amlaze kituoni usiku mmoja ashike adabu?

Usifanye hivyo. Mahabusu si mahali pa mkopo. Mtoto asiyetuhumiwa kwa kosa hana sababu ya kisheria ya kuwekwa ndani, na aliyetuhumiwa lazima atenganishwe na watu wazima. Zaidi ya hayo, dawa hii imejaribiwa na imedhuru. Katika miaka ya 1970, wafungwa wa gereza la Rahway, New Jersey, walianza kupelekewa vijana watukutu ili wawatishe kwa maneno makali na hadithi za jela. Programu hiyo ikapata sifa na kuigwa. Tafiti zilizofuata, zilipokusanywa pamoja, zilionesha kwamba vijana waliopelekwa huko walifanya makosa zaidi kuliko wale ambao hawakufanyiwa kitu chochote.

Mtoto aliyemshinda mzazi ni suala la Ustawi wa Jamii, si la polisi.

Hakimu anaweza kuamuru mtoto achapwe viboko?

Zanzibar, hapana, viboko si adhabu ya mahkama kwa mtoto. Wanaosikitikia hilo kwa kawaida ni watu waliochapwa wakakua vyema, na kweli wapo. Waliochapwa wakakua vibaya hawaji barazani kutoa ushahidi.

Mahkama ya Watoto husikiliza vipi?

Faragha. Mtoto huwa na mzazi au mlezi, huelezwa tuhuma kwa lugha anayoielewa, na ana haki ya kusaidiwa na mwenye ujuzi wa sheria. Asiyeweza kulipa aulize msaada wa kisheria, ambao Zanzibar imeutungia sheria mwaka 2018. Jina na picha yake havichapishwi, na katazo hilo linapaswa kueleweka na kila mwenye simu, kwa sababu siku hizi mtoto huhukumiwa katika makundi ya WhatsApp kabla hakimu hajafika kazini.

Kabla ya kuamua adhabu, hakimu husoma ripoti ya afisa ustawi wa jamii kuhusu nyumba, skuli, afya na marafiki wa mtoto. Mzazi amwambie afisa ukweli wote, pamoja na talaka, njaa na dawa za kulevya. Ripoti iliyopakwa chokaa humfikisha mtoto katika mpango usiomfaa, na mpango usiomfaa huvunjika.

Anapofungiwa, anafungiwa kwa lengo gani?

Kifungu cha 37 cha Mkataba wa Haki za Mtoto kinasema kizuizi kiwe njia ya mwisho na kwa muda mfupi zaidi unaofaa. Kinakataza adhabu ya kifo kwa asiyefika miaka 18, na kifungo cha maisha kisicho na uwezekano wa kuachiwa. Mkataba wa Afrika, kifungu cha 17, unataja lengo lenyewe: kumrekebisha, kumrudisha katika familia yake na kumjenga upya katika jamii.

Sisi tuna kipimo chetu wenyewe. Zanzibar iliacha siku nyingi kuita gereza gereza. Ni Chuo cha Mafunzo. Jina hilo ni ahadi, na ahadi hukaguliwa: ukitaka kujua kama mtoto amefungiwa kwa haki, uliza amefunzwa nini, na nani, kwa saa ngapi kwa siku, na kama akitoka ataweza kukaa katika darasa la wenzake au kushika msumeno wa fundi. Pasipokuwa na jibu, kilichobaki ni ukuta.

Mimi ndiye niliyekosewa. Nina nafasi gani?

Unayo nafasi ya kusikilizwa, kujulishwa shauri limefikia wapi, na kudai fidia. Una haki ya kukataa kukutana na mtoto huyo, na kukataa kwako kusiandikwe kuwa ni roho mbaya. Mtu akija kukuomba uondoe kesi kwa ajili ya ujirani, mwambie akamwone mwendesha mashtaka. Shauri la jinai ni la Serikali, na kauli hiyo, ingawa ni kavu, imewaokoa wengi na ugomvi wa ukoo.

Mtoto wangu amekamatwa sasa hivi. Nianze na nini?

Nenda kituoni mwenyewe, ukiwa na cheti chake cha kuzaliwa au kadi ya kliniki. Uliza tuhuma ni ipi na uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Omba awepo afisa ustawi wa jamii kabla mtoto hajaandika maelezo, na uwepo wewe. Omba dhamana. Usimfuate aliyelalamika nyumbani kwake usiku huo, hata kwa kumwomba radhi, kwa sababu radhi inayobishwa mlangoni saa nne za usiku husikika kama kitisho.

Ukipewa nafasi ya kukaa na mwanao, muulize alichofanya, kisha nyamaza mpaka amalize. Kama hakufanya, mwambie asikubali ili tu arudi nyumbani. Kama alifanya, muulize amemfanyia nani, na amtaje kwa jina.